Muulize Fundi wa Picha: Leso iliyokatwa jina

Mwezi huu nimechagua barua tano, zote za picha za kuweka kwenye tovuti. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu yaliyomfika dada huyu nimeyakuta kwenye tovuti nyingi za maduka yetu ya pwani: bidhaa nzuri, picha inaiua.

Asalaam aleikum Fundi. Nauza leso Mombasa, duka nimerithi kwa mama. Mpwa wangu alinifungulia tovuti ili wateja wa Nairobi, Nakuru na walioko ng'ambo waagize bila kuja dukani. Nimepiga picha leso arobaini kwa simu yangu, lakini tovuti inazikata pembeni, zote zinatokea nyembamba za kusimama. Leso nyekundu zinaonekana rangi ya machungwa, na mteja mmoja amenirudishia doti mbili akisema nimemdanganya. Wengine wanalalamika ukurasa haufunguki, wanaona kiduara kinazunguka tu. Nianzie wapi?
*Muuza leso, Mombasa*

Waaleikum salaam, dada. Ukurasa wako niliufungua nikiwa kwa fundi baiskeli hapa Tanga, mahali ambapo mtandao huwa dhaifu. Picha ya kwanza ilipotokea nikasoma: NI NJOO MWENYEJI AP. Leso ile inasema "Mgeni njoo mwenyeji apone". Wewe unajua kuliko mimi kwamba mwanamke hanunui leso kabla ya kulisoma jina, yaani ule msemo ulioandikwa. Kuna anayemnunulia mkwe, kuna anayemnunulia wifi, na jina ndilo linaloamua. Leso ni pindo pembeni, mji katikati, na jina. Tovuti yako imekula pindo la kushoto, imekula la kulia, na imelimeza jina pande zote mbili.

Kosa si la simu yako. Mpwa wako ametumia kiolezo, yaani mpangilio wa tovuti uliotengenezwa tayari, cha maduka ya nguo, na violezo hivyo hupangwa kwa picha za kusimama, kama za mtu aliyevaa gauni. Leso hulala. Ina upana wa sentimita 150 hivi kwa 110. Picha iliyolala ikilazimishwa kusimama, kinachobaki ni zaidi kidogo tu ya nusu ya upana wake. Mwambie aingie kwenye mipangilio ya picha za bidhaa achague zisikatwe. Kama kiolezo hakiruhusu, ishi nacho hivi: tengeneza ndani ya simu karatasi nyeupe ya kusimama, pikseli (nukta zinazounda picha) 900 kwa upana na 1200 kwa urefu. Leso nzima iliyolala itachukua pikseli 660 za juu. Zile 540 zilizobaki chini weka picha ya karibu ya jina peke yake. Mteja ataona nguo yote na atasoma maneno bila kugusa kitu. Kazi hiyo inafanyika kwa programu yoyote ya kuunganisha picha kwenye simu, na ukiitengeneza moja vizuri, nyingine thelathini na tisa zinafuata mpangilio ule ule.

Sasa upigaji wenyewe. Naona ulizitandika sakafuni ukasimama upande mmoja, ndiyo maana leso imepanuka chini na kubana juu. Itundike kwenye kamba kwa vibanio, ivutwe inyooke, nyuma yake uwe ukuta mtupu. Simama katikati kabisa, simu iwe usawa wa katikati ya leso. Usisogee karibu sana. Rudi nyuma hatua tatu nne kisha vuta picha kidogo, maana lenzi pana ya simu ikiwa karibu huzipinda pembe za pindo.

Hilo la rangi lina sababu mbili, na zote ziko dukani kwako. Ya kwanza, ulipiga chini ya taa huku mlango uko wazi, kwa hiyo upande mmoja una mwanga wa taa na mwingine una mwanga wa jua, na simu haijui ifuate upi. Zima taa. Toa leso nje, barazani, kivulini, kati ya saa tatu na saa tano asubuhi. Jua kali moja kwa moja halifai, linababua rangi. Ya pili hata wapiga picha wazoefu huikosea: nyekundu iliyokolea ikipigwa na mwanga mwingi kuliko kiasi hufika mwisho wa uwezo wa kamera, na hapo huanza kuelekea kwenye rangi ya machungwa. Gusa kioo cha simu juu ya leso, kijua kidogo kikitokea kiburute chini mpaka nyekundu itulie. Bandika kipande cha karatasi nyeupe ukutani kando ya leso, kisha wakati wa kusafisha picha sogeza kipimo cha joto la rangi mpaka karatasi ionekane nyeupe kweli, isiwe na unjano wala ubuluu. Ukishamaliza, ikate karatasi itoke.

Hata ukifanya yote hayo, simu ya mteja wa Nakuru haitaonyesha nyekundu sawasawa na ya mteja wa London. Kwa hiyo rangi iandike kwa maneno. Kiswahili kimetupa majina mazuri: damu ya mzee, samawati, urujuani, udhurungi, kijani kibichi. Mtu akisoma "damu ya mzee" hawezi kudai alitarajia rangi ya machungwa.

Tuje kwenye kiduara. Picha zako zimetoka kwenye simu kama zilivyo, pikseli 4000 kwa 3000, na kila moja ina uzito wa megabaiti 4 hivi. Ukurasa mmoja una leso kumi na mbili. Hizo ni megabaiti 48, dada yangu. Mteja mwenye bando la gigabaiti moja akifungua ukurasa wako mara ishirini, bando limekwisha, na yeye ndiye aliyelilipia. Nalisema hili kila mwezi na nitaendelea kulisema: uzito wa picha zako unatoka mfukoni mwa mteja wako.

Ile karatasi ya 900 kwa 1200 ihifadhi kama JPEG, muundo wa kawaida wa faili za picha, yenye ubora wa 75 hivi kati ya 100. Leso ina nakshi nyingi, haitakuwa nyepesi kama picha ya ukuta mtupu, lakini itashuka mpaka karibu kilobaiti 200. Kumi na mbili zitakuwa megabaiti mbili na nusu. Mpwa wako anaweza kutumia Squoosh, chombo cha bure kinachofanya kazi ndani ya kivinjari: picha ya awali inakaa upande mmoja, iliyopunguzwa upande wa pili, na wewe unaburuta mstari katikati kuona kama kuna kilichoharibika. Muundo wa WebP, uliotolewa na Google mwaka 2010, hupunguza uzito zaidi ya JPEG na vivinjari vya leo vinausoma. Picha kubwa za awali usizifute. Ziweke mahali salama, maana JPEG kila ukiihifadhi upya inapoteza kitu, na kilichopotea hakirudi.

Halafu majina ya faili. Leso yako ya "Wema hauozi" inaitwa IMG_2043. Iite leso-wema-hauozi-nyekundu. Na kwenye sehemu ya maandishi mbadala ya picha andika kama unavyomweleza mtu kwenye simu: "Leso nyekundu, pindo jeusi, mji wa korosho kubwa nyeupe, jina: Wema hauozi." Asiyeona hutumia programu inayomsomea skrini kwa sauti. Kwa sasa tovuti yako inamsomea namba za kamera mara arobaini. Ukiandika maneno atasikia leso. Na anayelitafuta jina hilo kwenye intaneti atafika dukani kwako, kwa kuwa mitambo ya kutafuta husoma maandishi kwa uhakika kuliko inavyosoma nguo.

Shikamoo Fundi. Nina karakana ya kuchomelea mageti Morogoro. Nembo yangu ilichorwa stashenari nikapewa faili la JPEG. Kwenye kadi imetoka safi. Kwenye tovuti imekaa ndani ya kisanduku cheupe juu ya rangi ya kijani, na herufi zina vumbi pembeni. Nikiikuza inakuwa na ukungu.
*Fundi mageti, Morogoro*

Marahaba, mwanangu. Vumbi hilo ni la JPEG. Muundo huo, uliopitishwa kuwa kiwango mwaka 1992, ulibuniwa kwa picha za kamera. Huigawa picha katika vimiraba vya pikseli 8 kwa 8 na kutupa yale ambayo jicho halitagundua kwamba yametoka. Kwenye picha ya uso au ya mlima, kweli hatugundui. Penye ukingo mkali kati ya herufi nyeusi na nyeupe tupu, mabaki yake huonekana kama vumbi. Tena JPEG haijui uwazi, yaani sehemu isiyo na rangi inayoacha kilicho nyuma kionekane, ndiyo maana kisanduku cheupe hakitoki.

Rudi stashenari uombe faili mama, lile walilochorea, kabla hawajalifuta. Waambie walitoe katika SVG. SVG haina pikseli. Ni maelezo ya mistari na mapindo, kwa hiyo nembo ile ile itakuwa kali kwenye simu na kwenye bango la mita tatu, na aghalabu haizidi kilobaiti chache. Waambie pia rangi ziwe za skrini, RGB. Faili lililoandaliwa kwa wino wa mashine ya uchapaji huweza kutoa rangi za ajabu kwenye tovuti. Kama faili mama limepotea, mtu anayejua Inkscape, programu ya bure, aichore upya juu ya hiyo JPEG. Ukikosa vyote, pata PNG, muundo mwingine wa picha, yenye uwazi.

Lakini kuna jambo moja litakalokuuma. Nembo yako ni geti lenye nondo kumi na nne, maua juu yake, jina la karakana, namba ya simu na cheche za moto. Nilijifunza kazi hii kwa kuandika mabango ya maduka Ngamiani, hapa Tanga, kwa brashi na rangi ya mafuta. Mwalimu wangu hakuwa akiangalia kazi akiwa karibu. Alikuwa akisema, "Vuka barabara usome." Nikivuka nisiweze kusoma, nafuta kwa tambara lenye mafuta ya taa, naanza upya. Barabara ya leso, ya mageti na ya kila kitu siku hizi ni kile kialama kidogo juu ya kivinjari, pikseli 16 kwa 16 au 32 kwa 32. Nondo kumi na nne hazikai mle. Chora geti lenye nondo tatu nene, bila maneno. Jina la karakana na namba ya simu viandike kwenye ukurasa kama maandishi ya kawaida, mteja abonyeze namba apige.

Fundi habari za kazi. Nina nyumba ya wageni Pangani, vyumba sita, mbele bahari. Sikuwa na picha nzuri ya ufukwe nikachukua moja kwenye mtandao, mchanga mweupe na maji ya buluu. Sasa mgeni amefika, ameangalia ufukwe, ameangalia simu yake, hakusema kitu lakini aliondoka kesho yake. Niitoe?
*Mwenye nyumba, Pangani*

Itoe leo, bwana, kabla hujamaliza kusoma jibu hili. Kwanza ni mali ya mtu. Hapa Tanzania tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na picha inalindwa tangu inapopigwa, hata kama haina jina la mpigaji pembeni. Hili limenifika mimi. Mwaka 2009, nikiwa kwenye kiwanda cha uchapaji, niliweka picha ya jahazi niliyoikuta kwenye intaneti kwenye brosha ya mteja. Mwenye picha aliiona, akaandika. Tulimlipa, na brosha 2,000 ambazo wino wake ulikuwa haujakauka vizuri zikakatwakatwa. Niliyemkosea zaidi alikuwa mteja, aliyeniamini.

Ukitaka za wengine kwa halali, zipo. Wikimedia Commons, hazina ya picha za bure mtandaoni, ina picha nyingi za pwani yetu, na chini ya kila moja pameandikwa masharti. CC0 ina maana tumia utakavyo. CC BY ina maana mtaje mpigaji. Penye herufi NC usiguse, kwa kuwa hairuhusu biashara na wewe unafanya biashara. Ramani ya kufika kwako unaweza kuichukua OpenStreetMap, tovuti ya ramani huria, mradi uwataje.

Ila picha ya ufukwe wako haina wa kuipiga zaidi ya wewe. Nyumba yako inatazama mashariki. Jioni jua liko nyuma ya paa, uso wa nyumba unakuwa mweusi, na nadhani ndiyo sababu ukakata tamaa. Amka mapema. Saa moja na nusu asubuhi shuka ufukweni, ipe bahari mgongo, piga nyumba. Kisha geuka upige ngalawa zinazorudi. Angalia maji: piga siku ya bamvua yakiwa yamejaa, na piga tena yakiwa yamekupwa, miamba iko wazi na watu wanaokota chaza. Weka zote mbili, moja iandikwe "maji kujaa" na nyingine "maji kupwa". Mgeni akijua kwamba bahari huondoka na kurudi, hataduwaa akifika saa ya kupwa. Mchanga wako una wekundu kidogo kwa sababu ya mto. Uache hivyo hivyo.

Dada yangu ananiambia nitumie akili mnemba kutengeneza picha ya pilau badala ya kusumbuka na kamera. Unasemaje, Fundi?
*Mpishi, Dodoma*

Hapana, mama. Mteja atalipia sahani aliyoiona, na sahani ile haijawahi kupikwa. Chombo hicho kitakuwekea wali wa rangi usioujua wewe wala shangazi aliyekufundisha kupika. Tumia kwa mapambo ukipenda, kama nakshi ya mpaka wa ukurasa. Chakula piga mwenyewe: sahani moja, mezani, dirisha likiwa ubavuni mwake, taa na mweko wa simu vimezimwa. Weka karatasi nyeupe upande wa pili wa sahani irudishe mwanga kwenye kivuli. Kachumbari iongeze dakika ya mwisho, kwa sababu nyanya hutoa maji haraka. Kama mvuke haujakata, bora zaidi.

Mwalimu wa picha, shikamoo. Naendesha chekechea Iringa. Wazazi wanataka tovuti yenye picha za watoto. Rangi zetu ni njano na buluu ya usiku, nimeandika kwa njano juu ya nyeupe lakini bibi mmoja anasema hasomi kitu. Pia naogopa kuweka nyuso za watoto.
*Mwalimu, Iringa*

Marahaba, mwalimu. Bibi ana haki. Mwanga wa njano na mwanga wa nyeupe unakaribiana mno. Kipimo kinachotumika duniani kinataka maandishi ya kawaida yatofautiane na kinachoyabeba kwa uwiano wa angalau 4.5 kwa 1, na njano safi juu ya nyeupe haifiki hata 1.1 kwa 1. Geuza: njano juu ya buluu ya usiku. Rangi zako zote mbili zimebaki, na bibi atasoma.

Kuogopa kwako nakuheshimu. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, hili si suala la adabu peke yake. Pata ridhaa ya mzazi kwa maandishi, iseme picha itakaa wapi, na mzazi akikataa, picha yenye mtoto wake isiwekwe kabisa, badala ya kumfunika mtoto uso huku wenzake wanaonekana. Usiandike jina la mtoto chini ya picha. Zima kumbukumbu ya mahali kwenye kamera ya simu, kwa sababu picha hubeba ndani yake namba za latitudo na longitudo ya shule, na mtu yeyote akiishusha anaweza kuzisoma, isipokuwa zimeondolewa.

Halafu fikiria picha zisizo na nyuso kabisa. Mikono minne juu ya udongo wa mfinyanzi. Viatu vilivyopangwa mlangoni, kimoja kimegeuka. Migongo ya watoto wamekaa chini ya mti wakisikiliza hadithi.

Na kuna hazina unayo kabatini ambayo tovuti nyingine haina: michoro yao. Kusanya mchoro mmoja kutoka kwa kila mtoto, uweke mezani karibu na dirisha, piga kutoka juu moja kwa moja, ongeza mwangaza kidogo mpaka karatasi iwe nyeupe. Jua la mtoto mmoja liwe alama ya ratiba ya asubuhi, bakuli la uji la mwingine liwe alama ya chakula, basi lenye magurudumu matano liwe alama ya usafiri. Omba ridhaa kwa michoro pia, kwa mzazi na kwa mtoto mwenyewe. Mtoto muulize akiwa ameushika mkononi, na akisema hapana, mrudishie.